Presha Kwanza, Spana Baadaye: Kijitabu cha Elimu kwa Umma Kuhusu Matengenezo ya Breki za ABS

Sababu ya kutolewa kwa kijitabu hiki

Kijitabu hiki kimetolewa kufuatia malalamiko ambayo kwa muda sasa yamekuwa yakiwasilishwa na wamiliki wa magari, madereva na hata mafundi wenyewe kuhusu matengenezo ya breki za ABS, yaani breki zenye mfumo unaozuia magurudumu yasikwame pale dereva anapokanyaga pedali kwa nguvu na kwa ghafla. Malalamiko hayo ni ya namna nyingi: wapo wanaodai kwamba gari lilitoka gereji likiwa na pedali laini kuliko lilivyoingia, wapo waliouziwa pampu ya ABS ambayo haikuhitajika, na wapo waliogundua baada ya miezi kwamba taa ya tahadhari kwenye dashibodi ilizimwa kwa kung'olewa balbu badala ya kutengenezwa kilichoiwasha. Yote hayo yataguswa mahali pake. Lakini lipo jambo moja ambalo halilalamikiwi sana, kwa sababu wanaoumizwa nalo ni mafundi na wanagenzi wao, ambao hufunga kidole kwa kitambaa na kuendelea na kazi, na jambo hilo ndilo lililoifanya idara iliyotoa kijitabu hiki iandae kurasa hizi.

Baadhi ya magari yenye ABS huhifadhi presha kubwa ya mafuta ya breki hata baada ya injini kuzimwa na ufunguo kutolewa, na fundi anayelegeza nati ya paipu kabla ya kuitoa presha hiyo hujiweka mbele ya mchirizi wa mafuta wenye uwezo wa kupenya ngozi. Kwa hiyo kanuni inayorudiwa humu, na ambayo msomaji huenda akaichoka kabla hajafika ukurasa wa mwisho, ni moja tu: presha kwanza, spana baadaye.

Inafahamika kwamba wasomaji wengi hawana mazoea ya kuamini maandishi ya ofisini juu ya kazi wanayoifanya kila siku kwa mikono yao, na wapo watakaouliza ni ofisa gani aliyewahi kulala chini ya gari. Swali hilo linajibiwa vizuri zaidi na mfumo wenyewe kuliko na ofisa yeyote, hivyo ni vema ukaelezwa kwanza.

Mfumo wenyewe unavyofanya kazi

Gurudumu lililokwama haliviringiki bali huburuzwa, na gurudumu linaloburuzwa halitii usukani; ndiyo maana gari la zamani likifungwa breki kwa ghafla kwenye lami iliyoloa huenda moja kwa moja hata kama dereva amekata kona. Dawa ya tatizo hilo ilianza kutumika katika ndege kabla ya kufika barabarani, na mwaka 1978 kampuni ya Bosch ikishirikiana na Mercedes-Benz ilianza kuuza mfumo wa kielektroniki wa ABS katika magari ya kifahari ya S-Class. Kufikia Julai 2004 watengenezaji wa magari wa Ulaya walikuwa wamekubaliana kuuweka katika kila gari jipya dogo wanalouza barani humo, na leo ni nadra kukuta gari lililotumika, linaloshushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa kutoka Japani, lisilokuwa nao.

Mfumo una sehemu nne ambazo mmiliki anapaswa kuzijua walau kwa majina. Ya kwanza ni sensa, kifaa kidogo kinachokaa karibu na gurudumu na kuhesabu mzunguko wake kwa kusoma pete yenye meno au yenye sumaku inayozunguka pamoja nalo. Ya pili ni kompyuta, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, inayolinganisha taarifa za sensa zote na kutambua gurudumu linalotaka kukwama wakati mengine yakiendelea kuzunguka. Ya tatu ni kitalu cha vali, yaani bonge la chuma lenye matundu ya mafuta na vali zinazofunguka na kufunga kwa nguvu ya umeme, kwa kawaida vali mbili kwa kila gurudumu: moja huzuia mafuta yasiendelee kuingia kwenye breki ya gurudumu hilo, na nyingine huyapunguza yaliyokwisha kuingia. Ya nne ni pampu ya umeme inayorudisha mafuta hayo yaliyopunguzwa. Kwa kuwa kitalu, pampu na mara nyingi kompyuta yenyewe hufungwa pamoja, wauza spea huviita vyote kwa jina moja la pampu ya ABS, na jina hilo limezoeleka kiasi kwamba kulipinga ni kupoteza wino.

Kazi hiyo ya kufunga na kufungua hufanyika mara kadhaa ndani ya sekunde moja, na dereva huisikia kama mtetemo chini ya mguu pamoja na mlio wa kukwaruza. Wapo madereva ambao wakiusikia mtetemo huo kwa mara ya kwanza hudhani breki zimekatika na kuinua mguu, jambo ambalo ni kosa. Mguu unapaswa kubaki pale pale kwa nguvu ile ile hadi gari lisimame. Aidha, ni vema ikafahamika kwamba ABS haikutengenezwa hasa ili kufupisha umbali wa kusimama bali kumwezesha dereva kuendelea kulielekeza gari, na kwenye barabara ya kokoto au changarawe iliyolegea umbali huo unaweza hata kuongezeka.

Presha iliyohifadhiwa

Hapa ndipo penye kiini cha kijitabu, na msomaji mwenye haraka anashauriwa kuruka kurasa nyingine zote kuliko kuruka sehemu hii.

Magari mengi madogo hutumia busta ya breki, yaani kifaa kinachousaidia mguu wa dereva, inayofanya kazi kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, na katika magari hayo presha ya mafuta huwapo tu wakati mguu uko kwenye pedali. Mguu ukiondolewa, presha hushuka. Fundi aliyejifunza kazi kwa magari ya namna hiyo hujenga mazoea ya kuamini kwamba gari lililozimwa ni gari lililotulia, na mazoea hayo humfaa kwa miaka mingi, hadi siku anapoletewa gari la namna nyingine.

Namna hiyo nyingine ni gari ambalo msaada wa breki hautoki kwenye mvuto wa hewa bali kwenye pampu ya umeme inayosukuma mafuta ya breki na kuyahifadhi ndani ya chupa ya chuma, ambayo mafundi huiita akyumuleta na ambayo kijitabu hiki kinaiita kihifadhi presha. Ndani ya kihifadhi hicho mna gesi ya naitrojeni iliyotenganishwa na mafuta kwa utando au kiwambo. Pampu inaposukuma mafuta, gesi hubanwa, na gesi iliyobanwa hubaki ikiyasukuma mafuta hayo kwa nguvu ile ile iliyoachwa na pampu. Mpangilio huu ulikuwamo katika magari kadhaa ya Marekani na Ulaya ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini msomaji asidhani kwamba ni habari ya zamani au ya mbali. Umo katika Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 100, umo katika Prado nyingi za mfululizo wa 120, na magari ya mseto kama Toyota Prius, yanayotumia injini pamoja na mota ya umeme, yana kihifadhi presha cha aina yake. Haya ni magari yanayoonekana kila siku kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro.

Ukubwa wa presha hiyo ndio unaopaswa kumtisha mtu mzima. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takriban bar 2.2, bar 1 ikiwa inakaribiana na presha ya hewa inayotuzunguka, ilhali kihifadhi presha cha breki hufikia bar 150 na hata kupita hapo, ambayo ni zaidi ya mara 60 ya presha ya tairi. Inatosha presha ya bar 7 hivi kwa mchirizi mwembamba wa kimiminika kupasua ngozi ya binadamu. Kwa maneno mengine, fundi anayefungua paipu ya mfumo huu bila kutoa presha hafungui kitu kinachoweza kumchafua tu. Anafungua kitu chenye nguvu ya kumchoma mara nyingi zaidi ya ile inayohitajika.

Na hatari hii ina tabia moja mbaya ambayo ndiyo inayowapotosha wengi. Jeraha la mafuta yaliyoingia mwilini kwa presha huwa dogo kama la sindano, halitoi damu nyingi, na kwa saa za mwanzo huenda lisiume sana. Mafuta, hata hivyo, hayaishii pale yalipoingilia; husambaa chini ya ngozi kufuata mishipa na kano za kidole hadi kiganjani, na kadiri muda unavyopita sehemu hiyo huvimba, damu hushindwa kupita vizuri na nyama huanza kufa. Aliyechelewa huweza kupoteza kidole au mkono. Kwa hiyo fundi aliyepigwa na mchirizi wa namna hii, hata kama anacheka na wenzake, anapelekwa hospitali yenye daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo, na daktari anaambiwa kwa maneno ya wazi kwamba ni mafuta ya breki na kwamba yaliingia kwa presha, kwani bila maelezo hayo jeraha linaweza kufungwa plasta na mgonjwa akarudishwa nyumbani. Kidole hakikamuliwi, hakifungwi kamba, wala hakingojewi hadi asubuhi. Mafuta yakiingia machoni, macho yanaoshwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15 kabla na wakati wa kutafuta matibabu.

Onyo linarudiwa kwa wanaotafuta mahali panapovuja: kidole hakipitishwi kwenye paipu yenye presha, hata kwa sekunde moja, hata na fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi. Kipande cha boksi hupitishwa badala yake, na doa la mafuta kwenye boksi hutoa jibu lile lile ambalo kidole kingetoa kwa gharama kubwa.

Jinsi presha inavyotolewa

Katika magari yenye busta inayoendeshwa na pampu ya umeme, swichi ya ufunguo huzimwa kabisa, kisha pedali ya breki hukanyagwa na kuachiwa mara nyingi mfululizo. Idadi hutofautiana kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji: ipo mifumo inayohitaji mara 25, na ipo, zikiwamo Land Cruiser zilizotajwa, inayohitaji mara 40 au zaidi. Fundi asiyekuwa na kitabu atumie idadi kubwa, kwani kukanyaga kupita kiasi hakuharibu chochote ilhali kukanyaga pungufu kunaweza kuacha nguvu ya kutosha kumdhuru. Kukanyaga mara 5 au 6 kwa ajili ya kutimiza wajibu si kutoa presha.

Zipo dalili mbili za kuthibitisha. Ya kwanza ni pedali, ambayo mwanzoni huenda chini kwa urahisi na baada ya kihifadhi kuisha hubadilika, katika mifumo mingi ikawa ngumu ghafla, kwa kuwa msaada umekwisha. Ya pili ni kiwango cha mafuta kwenye chupa ya juu, ambacho hupanda kadiri mafuta yanavyorudi kutoka kwenye kihifadhi. Dalili hii ya pili inaeleza pia kwa nini baadhi ya wamiliki huona mafuta yakifurika juu ya injini na kung'oa rangi: mtu wa kuosha magari au wa kituo cha mafuta alikagua chupa presha ikiwa imejaa, akadhani mafuta yamepungua, akajaza hadi juu. Kiwango katika magari haya husomwa baada ya presha kutolewa, isipokuwa kama kitabu kimeelekeza vingine.

Kwa Prius na magari mengine ya mseto yenye breki zinazoongozwa na kompyuta, kukanyaga peke yake hakutoshi na kunaweza kudanganya, kwa sababu kompyuta ya breki huweza kuamka yenyewe mlango wa dereva ukifunguliwa au pedali ikiguswa, ikaiwasha pampu na kujaza tena kile kilichokwisha kutolewa. Utoaji wa presha katika magari hayo hufanywa kwa mashine ya kupimia gari, na relei za mota ya pampu huondolewa kama kitabu kinavyoagiza, huku ufunguo ukiwekwa mbali na gari. Gereji isiyo na mashine hiyo haina sababu ya kugusa paipu za breki za gari la namna hiyo, na mmiliki anayeambiwa kwamba mashine ni mbwembwe za vijana anayo haki, na kwa maoni ya idara anao wajibu, wa kuondoka na gari lake.

Baada ya presha kutolewa, betri hufunguliwa kabla ya kuchomoa soketi ya kontroli boksi, kwani kuchomoa soketi umeme ukiwapo kunaweza kuiunguza kompyuta yenyewe. Fundi wa kuchomelea naye, hata kama anachomea bodi tu, hutakiwa kuhakikisha kwamba betri na kompyuta vimetenganishwa kwanza. Lakini hayo huharibu mali; la presha huharibu mtu, na ndiyo sababu linatangulia. Presha kwanza, spana baadaye.

Hakuna atakayebisha kwamba magari mengi yanayoingia gereji ni ya busta ya kawaida na hayahitaji shughuli yote hii. Idara inalijua hilo na bado inashikilia kwamba swali liulizwe kwa kila gari, kwa sababu tofauti kati ya gari moja na jingine haionekani ukiwa umelala chini yake. Anayefungua boneti na kukuta pampu ya umeme na chupa ya chuma vimeshikana na masta silinda, au anayewasha ufunguo na kusikia mota ikinguruma kwa sekunde kadhaa kabla injini haijawashwa, amekwisha kujibiwa.

Mafuta ya breki, upepo na uchafu

Mafuta ya breki huuzwa kwa alama ya DOT, herufi zinazotokana na jina la Wizara ya Uchukuzi ya Marekani iliyoweka viwango vyake. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 nyuzi 230, na DOT 5.1 nyuzi 260. Mafuta haya, hata hivyo, hufyonza unyevu wa hewa taratibu, na yakifikia kiasi cha maji cha asilimia 3.7, ambacho ndicho kinachotumika kuyapima, kiwango cha chini cha kuchemka hushuka hadi nyuzi 140, 155 na 180 kwa mfuatano huo. Dereva wa Tanga au Unguja, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, hatambui upungufu huo akiwa mjini. Huutambua akishuka mteremko wa Kitonga na mzigo, breki zikipata moto, maji yaliyomo yakigeuka mvuke na pedali ikazama bila kukamata. Watengenezaji wengi huelekeza mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na gari lililotumika, ambalo historia yake haijulikani, linastahili kubadilishiwa mara linapofika.

Mafuta ya DOT 5, ambayo kwa jina yanafanana na DOT 5.1 lakini yametengenezwa kwa silikoni, hayachanganyiki na mengine na hayafai kwa mifumo ya ABS. Mafuta ya hidroliki na ya giaboksi ya otomatiki ni hatari zaidi, kwa kuwa hufanya mipira ya ndani ya breki ivimbe na kulainika, na tone lililoingia kwenye chupa linaweza kulazimisha kubadilishwa kwa kila sehemu yenye mpira. Mafuta hununuliwa kwenye chupa iliyofungwa, si kwa kupimiwa kutoka kwenye dumu.

Uchafu ndio unaoua vitalu vya vali vingi ambavyo baadaye hulaumiwa kuwa vibovu. Fundi anapobadilisha pedi hulazimika kuisukuma nyuma pistoni ya kalipa, kalipa ikiwa ni kifaa kinachobana pedi kwenye diski, na mafuta machafu yaliyokaa humo kwa miaka husukumwa kurudi juu hadi kwenye vali zenye matundu membamba. Njia iliyo salama ni kuibana hosi kwa kibano maalumu, kufungua nati ndogo ya kutolea upepo, kisha kuisukuma pistoni ili uchafu utoke nje kwa mrija hadi kwenye chupa. Ni kazi ya dakika chache inayookoa kifaa cha bei kubwa. Midomo ya paipu zilizofunguliwa huzibwa papo hapo, na nati hulegezwa kwa spana maalumu ya paipu, si kwa plaizi.

Kuhusu kutoa upepo, yaani kuondoa hewa iliyoingia kwenye mafuta, inatosha kusema kwamba njia ya zamani ya mmoja kukanyaga na mwingine kufungua hufanya kazi maadamu hewa haijaingia ndani ya kitalu cha vali. Ikishaingia humo hujificha nyuma ya vali zilizofungwa, na haitoki mpaka mashine ya kupimia izifungue vali hizo na kuizungusha pampu; pedali laini inayolalamikiwa sana asili yake mara nyingi ni hii. Chupa ya mafuta haiachwi ikauke katikati ya kazi. Katika magari yenye kihifadhi presha, breki za nyuma hutolewa upepo pampu ikiwa inafanya kazi, hivyo mafuta hutoka mfululizo na kwa nguvu bila kungoja pedali kupandishwa na kushushwa, chupa huisha haraka, na mwanagenzi aliyekaa mbele ya nati bila miwani ya kinga na bila mrija uliokaza yumo katika hatari ile ile iliyoelezwa juu.

Kihifadhi chenyewe huweza kuharibika. Juni 2013 kampuni ya Toyota iliyaita magari takriban 242,000 duniani, ya Prius na Lexus HS 250h yaliyotengenezwa mwaka 2009, kwa sababu sehemu ya ndani ya kihifadhi presha ingeweza kupata ufa na kuiachia naitrojeni iingie kwenye mafuta ya breki, hali inayodhoofisha breki. Gari la mwaka huo likiletwa gereji kwa pedali isiyoeleweka, namba ya chesisi huhakikiwa kwanza kama matengenezo hayo yalikwisha kufanywa kabla ya kuuzwa nje. Hata uvujaji mdogo ndani ya kifaa si wa kupuuzwa: mwaka 2023 kampuni za Hyundai na Kia ziliyaita magari zaidi ya milioni 3 nchini Marekani kwa hofu kwamba mafuta yanayovuja ndani ya kifaa cha ABS yangesababisha shoti na moto, na wamiliki wakashauriwa kuyaegesha nje, mbali na nyumba.

Taa ya njano na ujanja wa gereji bubu

Taa ya njano ya ABS huwaka ufunguo unapowashwa, mfumo hujikagua kwa sekunde chache, kisha taa huzimika. Ikibaki ikiwaka, breki za kawaida bado zipo lakini ABS imejitoa kazini, na dereva anaweza kwenda kwa uangalifu hadi kwa fundi. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, gari linaegeshwa, kwa sababu huenda umepotea pia ule mgawanyo wa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma, au mafuta yamepungua, au, kwa magari yenye kihifadhi, presha ya msaada imekwisha.

Gereji bubu, yaani zile zisizo rasmi, zimebuni tiba za taa hiyo ambazo si tiba. Balbu hung'olewa; waya wake huunganishwa na wa taa ya chaji ili ziwake na kuzimika pamoja na kumridhisha mnunuzi; fyuzi huondolewa. Baya kuliko yote ni kung'oa kitalu cha vali na kuunganisha paipu moja kwa moja, kisha kumwambia mmiliki kwamba gari sasa lina breki za kawaida kama za zamani. Kauli hiyo si kweli. Gari la zamani lilikuwa na vali yake ya kupunguza nguvu ya breki za nyuma, ilhali magari mengi ya sasa yameiachia kompyuta ya ABS kazi hiyo, hivyo kitalu kikiondolewa magurudumu ya nyuma huweza kukwama mapema kuliko ya mbele na gari likajigeuza barabarani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikumwachia mmiliki hiari ya kuendesha gari lenye breki mbovu, na kusema kwamba fundi ndiye aliyeshauri hakumwondolei lawama.

Mara nyingi chanzo cha taa ni kitu kidogo: sensa iliyojaa vumbi la chuma, waya uliokatika mahali unapokunjwa na usukani, au beringi ya gurudumu iliyolegea. Ni aibu kwamba mtu huuziwa pampu nzima iliyotumika, tena ya toleo lisilolingana na kompyuta ya gari lake, kabla hata misimbo ya hitilafu haijasomwa. Mmiliki adai kuonyeshwa msimbo kabla ya kununua chochote.

Wanaostahili kufanya kazi hii, na malalamiko

Kazi ya paipu na vifaa vya ABS ifanywe na fundi mwenye mafunzo ya magari yanayotambuliwa, kama yale ya vyuo vya ufundi stadi vya VETA, au aliye chini ya usimamizi wake. Magari yaliyo kwenye dhamana, ya kukodi na ya abiria yana masharti yake ya ziada ambayo mmiliki atayapata kwa bima na kwa mamlaka iliyompa leseni.

Anayelalamikia spea au mafuta ya breki bandia apeleke malalamiko kwa Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango Tanzania akiwa na risiti, chupa au boksi la bidhaa na kifaa cha zamani kilichotolewa, kwani malalamiko yasiyo na risiti huishia kuwa neno la mtu dhidi ya neno la mtu. Fundi naye aandike kwenye risiti kwamba presha ilitolewa kabla ya kazi na kwa njia ipi. Kihifadhi presha kilichokwisha kazi hakitobolewi, hakikatwi kwa gesi wala hakitupwi kwenye moto wa takataka, kwa sababu naitrojeni iliyomo hubaki imebanwa hata baada ya mafuta yote kutoka, na wanunuzi wa chuma chakavu wanatakiwa kuambiwa hivyo na anayewauzia.